Sikukuu Yetu na Mshahara wa Mwenzetu



Twapenda kuwasimulia jambo lililotufika safarini, kisha tutoe humo nasaha, kwanza kwa nafsi zetu na baadaye kwa kila mwenye duka, mwenye shamba, au mwenye watu wa kufanya kazi chini ya mkono wake.

Mwanafunzi mmoja wa darsa yetu, mzaliwa wa huku kwetu pwani, alihamia bara miaka kadha iliyopita akafungua duka la vifaa vya ujenzi huko Ndanai, katika Sotik, kaunti ya Bomet. Ni nchi ya baridi na mvua, nchi ya Wakipsigis, na ukipanda kutoka hapo kuelekea Kericho waona chai imetandikwa juu ya vilima kama busati. Waislamu huko ni wachache. Alituomba twende tukakae naye siku za mwanzo za Mfunguo Tatu wa mwaka 1446, tuwasomeshe vijana wake na jirani zake. Tukashika njia ya Nairobi na Narok, tukafika salama, naye akatupokea kwa ukarimu ambao hatuwezi kuulipa. Twalisema hili mapema ili msomaji asidhani kuwa yatakayofuata ni kumsengenya mwenyeji wetu. Yeye mwenyewe ametupa idhini ya kuyaandika, kwa sharti tusimtaje jina.

Wiki ile, kama mkumbukavyo, ilikuwa na sikukuu mbili za nchi. Siku ya Madaraka, yaani tarehe 1 Juni, katika mwaka 2025 iliangukia Jumapili. Na sharia ya Kenya juu ya sikukuu yasema kuwa sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko huhamia siku ifuatayo. Kwa hivyo Jumatatu, tarehe 2, ilikuwa siku ya kupumzika. Na Ijumaa, tarehe 6, serikali iliitangaza kuwa sikukuu kwa ajili ya Idd-ul-Azha. Baina ya siku mbili hizo palibaki siku tatu za kazi.

Mwenyeji wetu ana watu wanne wanaopokea mshahara wa mwezi: kijana mmoja Mwislamu, na Wakipsigis watatu ambao ni Wakristo. Jumatatu ile alifungua duka kama kawaida. Alipoulizwa alisema kuwa Madaraka ni sikukuu ya maafisi na mabenki, na mwenye kununua saruji na mabati hangoji serikali. Wote wanne wakafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni. Ijumaa akafunga duka kwa ajili ya Idd, akawaambia wale watatu wasije. Yule kijana wetu akampa mkono wa Idd, na vyema alivyofanya. Jumamosi jioni, alipokuwa akiandika daftari lake, akaitia alama ile Ijumaa mbele ya majina ya wale watatu ili ikatwe katika mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa kuwa hawakufanya kazi.

Mmoja wao, mwanamke mtu mzima mwenye adabu sana, aliiona ile alama. Hakupiga kelele. Alisema, mbele yetu: "Mzee, sikukuu ni yenu, lakini siku iliyokatwa ni yangu."

Tulinyamaza sote. Usiku, baada ya sala ya Isha, mwenyeji wetu akatuuliza: Je, nimedhulumu?

Tulikuwa tumekwenda huko na khutba nyingine kabisa vifuani mwetu. Tangu njiani tulikuwa tukizungumza juu ya shida za Waislamu wafanyao kazi bara: huyu amenyimwa ruhusa ya Ijumaa, huyu ameambiwa Idd si sikukuu yake, huyu amepangiwa zamu ya usiku usiku wa kuamkia Idd. Malalamiko hayo ni ya kweli, na tutayafikia. Lakini twaliona jambo la aibu kuandika makala ya kuwalaumu wakubwa wa maafisi na mashamba hali ya kuwa mwenzetu, aliyesoma kwetu, amefanya lile lile, na baadhi yetu tukila chakula chake.

Na tutazame kwanza sharia ya nchi, kwani wengi wetu huisema bila kuijua. Katika Kenya sikukuu zimepangwa kwa sharia, na orodha yake ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya watu wote: mwaka mpya, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Sikukuu ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei, Madaraka tarehe 1 Juni, tarehe 10 Oktoba ambayo ilikuwa Siku ya Moi na tangu 2024 huitwa Siku ya Mazingira, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Disemba, Krismasi na siku ya pili yake, na Idd-ul-Fitr. Naam, Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya kila mtu katika nchi hii, awe Mwislamu au asiwe. Ama Idd-ul-Azha, hiyo imewekwa katika sehemu ya pili, kuwa ni siku ya Waislamu peke yao, kama Diwali ilivyo ya Wahindu. Ila mara nyingi Waziri wa Mambo ya Ndani huitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa ya watu wote, kama alivyofanya mwaka 2024 kwa Jumatatu tarehe 17 Juni, na mwaka 2025 kwa Ijumaa ile. Wenzetu wa Uganda wamezifanya Idd zote mbili kuwa za watu wote, na Tanzania pia, tena wao wameongeza Maulidi. Sisi hatuna haja ya kuona wivu. Mwislamu wa Kenya ana haki yake ya Idd-ul-Azha kwa sharia, hata Waziri asipotangaza neno. Hiyo ndiyo maana ya sehemu ya pili, na wengi wanaolalamika hawaijui.

Basi katika wiki ile mwenyeji wetu alikosa mara mbili. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko kwa wote wanne, pamoja na yule kijana Mwislamu, na amri ya mishahara katika nchi hii yasema kuwa saa za kazi zinazozidi, zikifanywa siku ya sikukuu ya nchi, hulipwa maradufu. Hakuwalipa maradufu wala hakuwapa siku nyingine badala yake. Na Ijumaa ilikuwa ya mapumziko kwa wote, kwa tangazo la serikali, naye akaikata. Na lau lisingekuwako tangazo hata moja, bado tungemwambia: wewe ndiye uliyefunga mlango, wao walikuwa tayari kuja. Mtu aliyezuiliwa kazi kwa ajili ya ibada yako hakukosa kazi kwa uvivu wake.

Hapo bado hatujafika katika dini yetu, nayo ni nzito zaidi kuliko amri ya mishahara. Katika Sura ya Al-Mutaffifin, Mwenyezi Mungu amewaonya wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kitimie, nao wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuifasiri aya hiyo kwa mizani ya sukari na pishi ya mchele. Huko nchi ya chai mizani ni jambo la kila siku: mchumaji huleta kikapu chake penye kituo, karani akakipima, na robo ya kilo ikipotea mchumaji huiona usoni mwake karani. Lakini siku nayo hupimwa. Mwenye kutaka mfanyakazi wake atimize siku zote za mwezi, kisha yeye akampunguzia siku moja kwa hila ya sikukuu, huyo ameshika mizani ile ile iliyosemwa. Na imepokewa katika Hadithi Sahihi kuwa Mola amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha asimpe ujira wake. Haikusemwa katika Hadithi hiyo kuwa mwajiriwa huyo ni Mwislamu.

Akisema msemaji: Je, kumpa Mkristo siku ya Pasaka au ya Krismasi pamoja na mshahara wake si kumsaidia katika ibada isiyo ya Kiislamu? Twamjibu: La. Wewe humpi ibada, wampa haki yake aliyopatana nawe siku ulipomwandika kazi, na tumeamrishwa katika mwanzo wa Sura ya Al-Maida kutimiza mapatano. Katika Sira ya Mtume, s.a.w., imesimuliwa kuwa ujumbe wa Wakristo wa Najran ulifika Madina, na wakati wao wa sala ulipoingia wakaachwa wakasali katika msikiti wake. Aliyewapa watu wale nafasi ndani ya msikiti hakuwa akiikubali itikadi yao. Basi itakuwaje sisi tuone vigumu kumpa mtu nafasi ya kwenda kwao?

Ama wale wasemao kuwa sikukuu za taifa, Madaraka na Mashujaa na Jamhuri, ni Idd za uzushi, na kwa hivyo si lazimu kuzijali, hao wamechanganya mambo mawili. Ni kweli kuwa Mtume, s.a.w., alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora. Idd zetu ni mbili na hazina ya tatu. Lakini tarehe 12 Disemba hakuna aitwaye kusali wala kuchinja. Ni siku ya ukumbusho wa nchi kupata uhuru mwaka 1963 na kuwa jamhuri mwaka 1964, na ni siku ya mfanyakazi kupumzika; ni mambo ya mapatano baina ya watu. Wewe mwenyewe ukipenda usiende uwanjani, keti nyumbani usome. Walakini usiifanye itikadi yako kuwa sababu ya kumfanyisha mwenzio kazi bila ya malipo. Twaona ajabu kuwa uchaji huu wa kukataa sikukuu za taifa huwashika matajiri wakati wa kulipa tu; sikukuu hiyo hiyo benki ikifungwa na deni lao likawiwa siku hiyo, huikubali mara moja.

Sasa twende kwenye jambo la kupanga, kwani hapo ndipo dhuluma nyingi huzaliwa, si kwa nia mbaya bali kwa ghafla.

Chai haijui sikukuu. Mti wa chai huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, na mzunguko wa kurudia mti ule ule ni kama wiki moja mpaka mbili, kwa kadiri ya mvua. Ukichelewa, jani hukomaa likawa gumu, na kiwandani halipendwi. Na jani lililokwisha kuchumwa halilazwi. Yapasa lifike kiwandani siku ile ile kabla halijaungua kwa joto lake lenyewe. Na ng'ombe wa maziwa, ambaye watu wa Bomet wamwelewa kuliko sisi tumwelewavyo samaki, hukamwa asubuhi na jioni, iwe Idd iwe Krismasi. Kwa hivyo hatusemi kuwa kila mlango ufungwe kila sikukuu. Hata huku kwetu, nani atamwambia nahodha aliye baharini au muuguzi aliye hospitali kuwa leo ni Mashujaa, aache kazi? Lazima wako watakaofanya kazi. Suala ni: nani, na alijulishwa lini, na atapewa nini badala yake?

Na sikukuu nyingi zajulikana tangu mwezi wa Januari. Siku ya Madaraka kuangukia Jumapili mwaka 2025 haikuwa siri. Kalenda ya ukutani, ile inayotolewa bure na wauza mbolea, ilikuwa imekwisha kusema. Ziko za ghafla, hatukatai. Tarehe 13 Novemba 2023 iliwekwa kuwa siku ya kupanda miti, na tangazo lake lilikuja wiki moja tu kabla. Tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, na tarehe 17 Oktoba 2025, kwa maombolezo ya Raila Odinga, tangazo na siku yenyewe vilikaribiana sana. Hapo mwenye kazi akitatizika ana udhuru. Lakini udhuru wa siku moja au mbili za ghafla hauwezi kuwa pazia la kufunika siku kumi na moja zinazojulikana.

Watu husema: Sisi Waislamu sikukuu zetu hazipangiki kwa kuwa zafuata mwezi. Neno hili twalisikia kwa wakubwa wa kazi, na la kusikitisha zaidi, twalisikia vinywani mwetu. Basi na tulipime. Idd-ul-Fitr haina siku ila mbili: ya thalathini tangu kuanza saumu, au ya thelathini na moja. Ramadhani ikiingia tu, mtu aweza kumwambia mkubwa wake: Idd yangu itakuwa siku hii au hii, naomba zote mbili, na ile isiyokuwa Idd nitaifanyia kazi. Ama Idd-ul-Azha ndiyo tusiyokuwa na udhuru nayo hata kidogo, kwani mwezi huandama mwanzo wa Mfunguo Tatu na Idd ni siku ya kumi. Tangu kuonekana mwezi hadi Idd kuna siku tisa nzima. Huenda ikawa watu wakakhitalifiana juu ya mwandamo, na khitilafu hiyo hatutaki kuiingia hapa, lakini hata wenye kukhitalifiana huwa baina yao siku moja tu. Mtu asiyeweza kupanga kazi yake kwa kujulishwa siku tisa mbele, huyo hakuzuiliwa na mwezi.

Na mwezi wenyewe umewekwa kwa ajili hiyo. Tumefundishwa katika Sura ya Al-Baqara kuwa miandamo ya miezi ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, na katika Sura ya Yunus kuwa mwezi umekadiriwa vituo vyake ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Wengi wetu twajua kuwa tarehe ya Hijra iliwekwa na Sayyidna Umar bin Khattab, r.a., lakini sababu yake huwa haisimuliwi. Imepokewa kuwa aliletewa hati ya deni ambalo wakati wake wa kulipwa ni Shaabani, akauliza: Ni Shaabani gani, iliyopita, au hii, au ijayo? Na gavana wake Abu Musa Al-Ash'ari alimlalamikia kuwa zamfikia barua zisizojulikana ni za lini. Ndipo akawakusanya masahaba wakashauriana, wakaafikiana kuhesabu tangu Hijra. Yaani kalenda yetu, ambayo leo twaifanya sababu ya kutopanga, ilizaliwa kwa ajili ya haki za watu zipate kujulikana siku zake!

Tena mwezi una hesabu iendayo mbali. Mwaka wetu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo Idd hurudi nyuma kila mwaka: mwaka 2024 Idd-ul-Fitr ilikuwa tarehe 10 Aprili, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa jua, mwanzo wa Januari na tena karibu na tarehe 26 Disemba. Mwenye duka akipenda aweza kujua leo kuwa mwaka huo Wakristo wake watataka kwenda kwao kwa Krismasi katika siku zile zile ambazo yeye atakuwa akinunua tende.

Huko Ndanai tulijifunza jambo kwa watu ambao si wenzetu wa dini. Milima ya Kisii haiko mbali, na huko Wasabato ni wengi. Nao hushuka kufanya kazi na biashara mpaka kwa Wakipsigis. Msabato hapiki wala hauzi tangu jua la Ijumaa likitua mpaka la Jumamosi. Mwenyeji wetu ana fundi wa namna hiyo ambaye humwita kazi za kuezeka. Alituambia kuwa siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupatana bei, fundi huyo alisema: Jumamosi sitakuwapo, Jumapili nitakuja. Na kweli Jumapili huja, tena mapema. Hakuna tena maneno juu ya Jumamosi. Tukamuuliza kijana wetu Mwislamu: Je, wewe siku ulipoandikwa kazi ulisema lolote juu ya Ijumaa? Akasema hakusema, aliona haya. Haya katika mahali pake ni katika imani, lakini yako mambo ambayo ukiyaonea haya mwanzo huyagombania mwisho.

Na juu ya Ijumaa twataka kuongeza neno, ijapo litawaudhi baadhi ya wasomaji. Mwaka 2025 katika Kenya ulikuwa na Ijumaa sita zilizokuwa sikukuu za nchi: Ijumaa Kuu tarehe 18 Aprili, Idd tarehe 6 Juni, Siku ya Mazingira tarehe 10 Oktoba, siku ya maombolezo tarehe 17 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Disemba, na siku ya pili ya Krismasi. Na Ijumaa Kuu ni Ijumaa kila mwaka, haina njia nyingine. Mwaka 2023 Mashujaa iliadhimishwa kitaifa mjini Kericho kwenyewe, nayo tarehe 20 Oktoba ilikuwa Ijumaa. Siku zote hizo hakuna mkubwa wa kazi wa kumzuia mtu asiende msikitini kwa ghusuli na mavazi yake mazuri tangu mapema. Tuliokuwa misikitini tulitazama safu. Hatukuona zimeongezeka. Wengine walikuwa wamelala, wengine wamekwenda matembezini. Mwenye kudai saa moja ya Ijumaa kwa mwajiri wake, na adai, ni haki yake na katiba ya nchi imemlinda asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake. Lakini dai lake litakuwa na nguvu gani ikiwa siku aliyoachwa huru nzima hakuonekana?

Tena na tukumbuke kuwa Ijumaa yetu haikuwekwa kuwa siku ya kuacha kazi kutwa. Aya za mwisho wa Sura ya Al-Jumua zatuamrisha tuache biashara tusikiapo mwito, na sala ikiisha tutawanyike tutafute fadhila za Mola. Ni saa moja au mbili za mchana, na saa hiyo yaweza kulipwa asubuhi au jioni. Mtu akienda kwa mkubwa wake na mpango ulioandikwa, kuwa nitaingia saa moja kabla, au fulani atanishikia na mimi nitamshikia Jumapili akienda kanisani, ni nadra kukataliwa.

Usiku ule basi tulikaa na mwenyeji wetu, tukageuza nyuma ya kalenda yake, tukaandika. Tuliandika sikukuu zote za mwaka uliobaki, na mbele ya kila moja jina la atakayeshika duka, kwa zamu. Krismasi na siku ya pili yake akaandikwa kijana wetu pamoja na mwenye duka mwenyewe, ili wale watatu waende kwao. Idd zote mbili, duka lifungwe au washike wale watatu kwa hiari yao, kwa malipo maradufu au siku mbili za kupumzika, wachague wao. Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, mmoja kwa mmoja kwa mzunguko, wala mtu asishike mbili mfululizo. Mwenye zamu ajulishwe wiki mbili mbele. Kesho yake akawaita akawasomea. Yule mama akauliza jambo moja tu: na siku ikitangazwa ghafla na serikali? Hatukuwa tumeliandika hilo. Likaandikwa: atakayekuwa kazini siku hiyo huhesabiwa kama aliyeshika sikukuu. Alama ya Ijumaa ikafutwa mbele yao kwa kalamu nyekundu.

Ilibaki ile Jumatatu ya Madaraka. Watu wanne, siku moja, malipo maradufu. Mwenyeji wetu alisema kuwa biashara ya mwezi ule ilikuwa nyembamba, mvua zimesimamisha ujenzi, na kuwa yaliyopita yamepita. Tulimwambia kuwa yaliyopita hupita kwa kusamehewa na mwenye haki, si kwa kusahauliwa na mwenye deni. Hakukataa, wala hakukubali. Tuliondoka hali hiyo.

Na ilitupasa tunyamaze hapo, lakini njiani, gari likipanda kuelekea Narok, mmoja wetu alitukumbusha jambo ambalo sote tulilijua. Mwaka ule darsa yetu ilipojenga birika la kutilia udhu, fundi wetu alikuwa mtu wa bara, Mkristo. Alituambia tangu mwanzo wa Disemba kuwa tarehe 23 atasafiri kwenda kwao. Tulimwambia hapana neno. Ilipofika tarehe 23 mweka hazina wetu hakuwako, na fedha hazikuwa tayari, na sisi tuliona ni jambo dogo, atalipwa kesho. Alilipwa tarehe 26, siku ambayo kwao Krismasi ilikuwa imekwisha. Hakusema kitu. Alichukua fedha zake, akazihesabu, akatushukuru, na hakurudi tena kwetu. Tuliudhika wakati ule kwa kuwa birika lilibaki bila ya kupakwa chokaa.

Tumeitafuta khabari yake tangu tuliporudi. Tumeambiwa kuwa anafanya kazi Malindi. Watu wawili wa darsa yetu watakwenda Jumapili hii, inshaallah, nao wamepewa nauli ya safari ile aliyoikosa, na hawakupewa khutba yoyote ya kumsomea. Na mwenyeji wetu wa Ndanai, kabla makala haya hayajapigwa chapa, ametuletea ujumbe mfupi kwa simu: amewalipa wawili Jumatatu yao, na wawili atawalipa mwisho wa mwezi.